Damu ya mama inaisha kila baada ya kuongezewa: tufanyeje na "tumbo la tikiti maji"?

SWALI

Wataalamu wa safu hii, salaam.

Mama yangu ana miaka 66 na uzito wa kilo 58. Kwa muda mrefu sasa anapungukiwa damu. Anaongezewa hospitalini, anapata nguvu, halafu taratibu anarudi palepale: kizunguzungu, moyo kwenda mbio akipanda ngazi, midomo kupauka. Hajawahi kutapika damu wala tumbo halimuumi. Endoskopi ya kwanza (kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni) ilisema ana gastraitisi, yaani uvimbe wa utando wa tumbo, akapewa omeprazoli na vidonge vya chuma, lakini hakuna kilichobadilika. Safari hii hemoglobini ilikutwa 7.1, endoskopi ikarudiwa, na ripoti inasema mishipa midogo ya damu imetanuka sehemu ya chini ya tumbo, ina mistari myekundu, na ugonjwa unaitwa GAVE au "tumbo la tikiti maji". Daktari anataka kuichoma kwa gesi ya agoni, na ameshatuambia itarudiwa.

Nyumbani hatuelewani. Kaka yangu anaamini ni saratani na tunafichwa. Shangazi anataka mama aache vidonge vya chuma kwa sababu choo kimekuwa cheusi. Mimi huku kuchomwa mara kwa mara kunanitia hofu: kama sehemu mbaya inajulikana, kwa nini isikatwe mara moja yakaisha? Na je, vyakula vya kuongeza damu havitoshi? Mama pia humeza diklofenaki kwa ajili ya magoti, na ana kiungulia cha miaka mingi. Vidole vyake hupata ganzi na kuwa vyeupe akishika maji baridi, ila hilo ni la zamani, sidhani kama linahusika. Mwisho, sisi watoto wake tupimwe?

Binti anayemuuguza mama

JIBU

Dada, pole kwa kuuguza, na mfikishie mama pole zetu. Tunaanza na lile uliloliandika kwa kupita: vidole. Mwanamke wa umri wa mama, mwenye tumbo la aina hii, ambaye vidole vyake hubadilika rangi kwenye baridi na ana kiungulia cha miaka, anatakiwa achunguzwe kama ana skleroderma. Huo ni ugonjwa wa kinga ya mwili unaokakamaza ngozi na viungo vya ndani, na GAVE ni mojawapo ya mambo yanayofuatana nao. Wapo wagonjwa ambao kuvuja damu tumboni ndiko kulikofanya skleroderma yao igundulike. Mwambieni daktari habari za vidole hata kama hakuuliza. Vipimo vyenyewe tutavitaja mbele kidogo.

Sasa tumbo. Kaka yako na atulie kwa hili: GAVE si saratani. Ni kutanuka kwa kapilari, ile mishipa midogo kabisa ya damu, kwenye utando wa ndani wa antramu, yaani sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo inayoelekea kwenye tundu la kutokea chakula. Mishipa hiyo hujipanga juu ya mikunjo ya utando, ndiyo maana kamera huona mistari myekundu inayokusanyika kwenye tundu, mithili ya ganda la tikiti maji. Madaktari waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1953, na jina la tikiti maji likaja 1984. Antramu ndiyo inayosaga chakula kwa nguvu. Kila inapojikunja, utando husukumwa na kusuguliwa, na kapilari zilizo juujuu zenye kuta nyembamba huvuja. Zinavuja kidogo kidogo, bila maumivu. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupoteza damu kwa miaka bila kutapika hata tone moja.

Kwamba endoskopi ya kwanza iliandika gastraitisi si jambo la ajabu. Mistari ikiwa haijajipanga vizuri, wekundu wa GAVE na wekundu wa gastraitisi hufanana sana kwa macho. Tena mgonjwa aliyeishiwa damu sana, mishipa yake hupauka, na kisichokuwa na rangi kamera hukipita. Njia ya kutofautisha ni kuchukua kinyama kidogo na kukitazama kwa hadubini: kwenye GAVE huonekana kapilari zilizotanuka, migando midogo ya fibrini (protini inayogandisha damu) ndani yake, na nyuzinyuzi zilizoongezeka, huku dalili za uvimbe wa gastraitisi zikiwa chache. Ulizeni kama kinyama kilichukuliwa na majibu yake yanasemaje. Kinyama hichohicho ndicho kitakachomtoa kaka yako wasiwasi wa saratani kwa ushahidi wa karatasi. Ombeni pia nakala ya picha za endoskopi, si ripoti peke yake, kwa sababu daktari atakayemwona mama baadaye atahitaji kulinganisha.

Omeprazoli haikusaidia kwa sababu kazi yake ni kupunguza asidi, na mishipa hii haivuji kwa sababu ya asidi. Msiilaumu, lakini msiitegemee. Ina kazi yake baada ya kuchoma, na kiungulia cha mama kinaweza kuwa kinaihitaji. Ubaya wake ni kwamba ikitumika kwa muda mrefu hupunguza ufyonzwaji wa chuma kutoka kwenye vidonge, na hilo huenda lilichangia vidonge vyake kutofanya kazi.

Tukae hapa kwenye chuma, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapopotea. Chakula kizuri humwezesha mtu mzima kufyonza takribani miligramu 1 hadi 2 za chuma kwa siku, na kwa mtu asiyevuja damu hizo zinamtosha. Sasa tazama upande wa pili. Kila gramu ya hemoglobini imebeba miligramu 3.4 za chuma. Hemoglobini ikiwa gramu 13 kwa kila mililita 100 za damu, kila mililita 10 za damu zinazovuja, ambazo ni vijiko viwili vidogo vya chai, huondoka na chuma miligramu 4 na ushee. Vijiko viwili tu kwa siku vimeshazidi mara mbili au zaidi kile ambacho chakula kinaweza kurudisha. Ndiyo maana tunasema bila kusita: chakula chenye chuma ni kizuri na mama aendelee nacho, lakini hakuna chakula kitakachoshindana na uvujaji huu.

Hata kuongezewa damu hakujazi pengo. Chupa moja ya damu huleta chuma miligramu 200 hadi 250 na kupandisha hemoglobini kwa takribani 1. Pengo la mama ni kubwa kuliko hapo. Hesabu inayotumika hospitalini ni hii: uzito kwa kilo, mara tofauti kati ya hemoglobini inayotakiwa na iliyopo, mara 2.4, kisha jumlisha 500 za kujaza akiba. Kwa mama, ukichukua 15 kama lengo: 58 mara 7.9 mara 2.4 ni takribani 1,100. Jumlisha 500 unapata miligramu 1,600. Chupa mbili za damu hazifikii hata theluthi ya hizo. Namba ya hemoglobini hupanda, mgonjwa anaruhusiwa, lakini akiba ya chuma kwenye mwili ni tupu, hivyo uboho hauna cha kutengenezea damu mpya wakati ile aliyoongezewa inaendelea kuvuja. Hapo ndipo mmekuwa mkizunguka.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwuliza daktari ni ferritini ya mama, kipimo cha akiba ya chuma. Chini ya mikrogramu 15 kwa lita maana yake akiba imekwisha kabisa. Chini ya 30 kwa kawaida huhesabiwa upungufu. Na kwa mtu mwenye ugonjwa wa uvimbe mwilini, hata ferritini ya 80 inaweza kuficha upungufu, kwa sababu uvimbe huipandisha kwa uongo. Jambo la pili ni kuuliza kama anafaa kupewa chuma kwa dripu. Kwa hali yake, akiwa na hemoglobini 7.1, akimeza omeprazoli na akiendelea kuvuja, tunaona dripu ndiyo njia yenye maana zaidi kuliko kuendelea na vidonge peke yake. Kuna dawa za chuma ambazo hutolewa hadi miligramu 1,000 kwa mkupuo mmoja, na nyingine ni miligramu 200 kila siku ya kliniki hadi kiasi kinachotakiwa kitimie. Hospitali yenu itawaambia walichonacho. Mzio mkali hutokea mara chache, lakini kwa sababu hutokea, dripu itolewe mahali penye vifaa vya dharura na mama abaki chini ya uangalizi dakika 30 baada ya kumaliza. Isitolewe akiwa na homa au maambukizi makali. Na ferritini isipimwe mapema baada ya dripu; subirini wiki 8 hivi, vinginevyo mtaona namba kubwa isiyo na maana.

Kama vidonge ndivyo vilivyopo, vimezwe vizuri. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi miligramu 65 hivi. Kimoja kwa siku kinatosha, na kama kinamsumbua tumbo, kimoja siku moja na kupumzika siku inayofuata. Sababu ni kwamba baada ya kufyonza dozi moja, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo kwa takribani siku nzima, hivyo vidonge vitatu kwa siku huongeza zaidi kichefuchefu na kufunga choo kuliko damu. Ameze tumbo likiwa tupu, kwa maji au juisi ya machungwa. Chai, kahawa, maziwa na dawa za kutuliza asidi vikae mbali nacho kwa saa 2. Hemoglobini inatakiwa ipande kwa takribani 2 ndani ya wiki 3 au 4. Isipopanda, ama chuma hakifyonzwi ama uvujaji ni mkubwa kuliko kinachoingia, na hapo msisubiri mwezi mwingine. Ikishafika kawaida, vidonge viendelee miezi 3 zaidi ili kujaza akiba.

Shangazi ana haki ya kuogopa choo cheusi, ila asimwachishe mama chuma. Chuma hugeuza choo kuwa cheusi chenye ukijani wa mbali, kikavu au cha kawaida, bila harufu ya kutisha. Choo cha damu iliyotoka tumboni ni kitu kingine: ni cheusi kinachong'aa, laini, kinanata kwenye sinki na ni kigumu kusafisha, na harufu yake ni kali ya kipekee, mtu aliyewahi kuinusa haisahau. Mkiwa na shaka, mama ajipanguse kwa karatasi nyeupe mtazame: cha damu mara nyingi huacha ukingo wenye wekundu. Na tahadhari moja kuhusu kipimo cha kutafuta damu iliyojificha kwenye choo: kile cha kisasa kinachotafuta protini ya damu ya binadamu kimetengenezwa kwa ajili ya utumbo mpana. Damu ya tumboni humeng'enywa njiani na kipimo kinaweza kusema hakuna kitu ilhali mama anavuja. Jibu hasi la kipimo hicho lisiwafariji.

Diklofenaki iishe leo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini ya kutuliza maumivu, hazisababishi GAVE, lakini huchubua utando wa tumbo na kudhoofisha chembe sahani zinazoziba matundu ya mishipa, hivyo kidogo kinachovuja kinakuwa kingi. Kwa magoti atumie parasetamoli, gramu 1 kwa wakati mmoja, isizidi gramu 3 kwa siku, na kama ini litakutwa na hitilafu isizidi 2. Jeli ya kupaka gotini huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana, ila aulizie kwanza. Lakini ikiwa anatumia aspirini ndogo au dawa ya kuyeyusha damu kwa sababu ya moyo au kiharusi, hiyo msiikate wenyewe. Kuganda kwa damu moyoni kunaua haraka kuliko GAVE. Uamuzi huo ni wa daktari wa moyo na wa tumbo wakikubaliana.

Tuje kwenye kuchoma, jambo linalokutia hofu. Endoskopi hupitishwa kama kawaida, kisha mrija mwembamba hupenyezwa ndani yake ukitoa gesi ya agoni, kwa kawaida lita 1 hadi 2 kwa dakika. Umeme, mara nyingi wati 40 hadi 60, huigeuza gesi hiyo kuwa cheche inayoruka hadi kwenye utando bila ncha ya mrija kuugusa. Joto huingia milimita 1 hadi 3 tu, na kina hicho kidogo ndicho kinachoifanya njia hii iwe salama kwa ukuta wa tumbo. Daktari hufuata mistari, akianzia karibu na tundu na kurudi nyuma.

Kina hichohicho ndicho sababu ya kurudia. Mishipa iliyo chini ya utando haifikiwi siku ya kwanza, na iliyofunikwa na mikunjo hukosekana. Zaidi ya hayo, kila palipochomwa hubaki kidonda kinachohitaji muda kupona, hivyo haifai kuchoma kila kitu kwa siku moja. Ndiyo maana awamu hupangwa kila baada ya wiki 2 hadi 6, na wengi huhitaji awamu 2 hadi 4 kabla damu haijatulia. Wengine hutulia kwa miaka, wengine mishipa huota tena wakarudi kuchomwa. Daktari aliyewaambia mapema kwamba itarudiwa amewatendea haki. Wanaokata tamaa ni wale waliodhani awamu ya kwanza ni tiba kamili, wakaona hemoglobini haijapanda, wakaacha.

Maandalizi ni mepesi. Asile kitu kigumu kwa saa 6 hadi 8, maji kidogo yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Chakula kikibaki tumboni daktari haoni mistari na siku inapotea. Na wenye skleroderma tumbo lao huweza kuchelewa kusukuma chakula, kwa hiyo kama mama hushiba haraka au hucheua chakula cha jana, semeni, atapangiwa vinywaji tu siku iliyotangulia. Kama ana betri ya moyo, semeni kabla, kwa sababu umeme wa kuchoma hupita mwilini na kutokea kwenye kibandiko kinachowekwa pajani. Hemoglobini ikiwa chini ya 7, au chini ya 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo, kwa kawaida ataongezewa damu kwanza.

Baada ya hapo tumbo linaweza kujaa gesi na kuuma kwa siku moja au mbili. Agoni yenyewe hulipanua tumbo, na daktari mzoefu huinyonya kila baada ya muda mfupi. Omeprazoli miligramu 20 au 40, nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kwa wiki 4 hadi 8, husaidia vidonda vilivyobaki vipone. Hapo ndipo dawa ile inapostahili. Madhara ya baadaye ni machache: tundu la kutokea chakula kusinyaa kwa sababu ya makovu, dalili yake ikiwa kutapika chakula kilicholiwa saa nyingi zilizopita, na vinyama vidogo kuota mahali palipochomwa. Ukuta kutoboka ni nadra sana, lakini maumivu makali yasiyoisha, tumbo gumu au homa baada ya kuchomwa ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Kuna njia nyingine ambayo tungependa muiulizie, hasa kama awamu 2 au 3 za agoni hazitazaa matunda: kufunga kwa pete za mpira. Ni pete zilezile zinazotumika kufunga mishipa ya koo la chakula kwa wagonjwa wa ini. Utando hunyonywa ndani ya kikofia kilicho kwenye ncha ya endoskopi, pete ikaachiwa, na kile kilichobanwa kikakosa damu, kikafa na kudondoka baada ya siku chache. Faida ni kwamba pete hubana pamoja na tabaka la chini ya utando, ambalo agoni hailifikii. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimeonyesha kwamba wanaofungwa pete huhitaji awamu chache na damu kidogo ya kuongezewa. Huanzia karibu na tundu na kurudi nyuma, pete kadhaa kwa mara moja, na hurudiwa baada ya mwezi hivi. Siku za mwanzo kuna maumivu ya tumbo na kichefuchefu kuliko agoni. Siku ya kwanza ni vinywaji, kisha vyakula laini kwa siku chache. Hospitali nyingine zina kichomeo cha mawimbi ya redio, nacho hufanya kazi, lakini hakipatikani kila mahali.

Kukata? Upasuaji wa kuondoa antramu kweli huondoa mishipa yote na damu hukoma. Lakini huo ni upasuaji mkubwa kwa mtu wa miaka 66 asiye na damu ya kutosha, na akiwa na ini lililosinyaa au skleroderma hatari huongezeka maradufu. Umewekwa mwisho kabisa, kwa yule ambaye agoni na pete zote zimeshindwa na bado anahitaji damu kila mara. Kati ya endoskopi na kisu kuna dawa: okitreotaidi ya sindano, asidi ya traneksamiki, thalidomaidi, na siku hizi bevasizumabu inayozuia mishipa kuota. Si za kuanzia. Thalidomaidi huharibu neva za miguu na mikono na ni marufuku kabisa kwa mwenye ujauzito, na asidi ya traneksamiki haifai kwa aliyewahi kugandisha damu mguuni au kwenye mapafu.

Turudi kwenye vidole, kama tulivyoahidi. Vipimo vya kuomba ni ANA (kipimo cha antibodi zinazoshambulia seli za mwili wenyewe), antibodi za sentromia na antibodi za RNA polimerasi ya III. Hii ya mwisho ndiyo iliyohusishwa zaidi na GAVE, na ndiyo hiyohiyo inayoambatana na hatari ya figo kushambuliwa ghafla na presha kupanda. Kwa hiyo mama apimwe presha nyumbani mara kwa mara, na mkiona imeruka ghafla kutoka kawaida yake, hasa na maumivu ya kichwa au macho kuona ukungu, hiyo ni dharura hata kama tumbo limetulia. Na kuna jambo la kulishikilia sana: prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi. Zamani ilijaribiwa kwa GAVE, na wengine bado huiandika kwa maumivu ya viungo. Kwa mwenye skleroderma, dozi ya zaidi ya miligramu 15 kwa siku inajulikana kuchochea janga hilo la figo. Mama asiimeze kabla jibu la vipimo halijajulikana na daktari wa magonjwa ya kinga hajaulizwa.

Ini nalo lazima litazamwe, kwa kuwa takribani theluthi ya wenye GAVE wana sirosisi, yaani ini lililosinyaa kwa makovu. Vipimo ni vya ini, chembe sahani, INR (kipimo cha kuganda kwa damu), homa ya ini B na C, na altrasaundi. Umuhimu wake ni huu: mwenye sirosisi anaweza kuwa na tumbo jekundu kwa sababu nyingine, presha ya mshipa mkuu wa ini, na wekundu wake hukaa zaidi sehemu ya juu ya tumbo. Hiyo hutibiwa kwa propranololi au kwa kupunguza presha hiyo. GAVE haisikii propranololi hata kidogo. Mkichanganya hayo mawili, mtakunywa dawa isiyo yenu. Ongezeni kreatinini ya figo na homoni ya tezi la shingo, kwa sababu magonjwa ya viungo hivyo pia huandamana na GAVE.

Nunueni daftari. Kila ukurasa uwe na tarehe, hemoglobini, ferritini, chupa za damu alizoongezewa, chuma alichopewa na kwa njia gani, awamu ya kuchoma au kufunga, na rangi ya choo wiki hiyo. Wakati awamu zinaendelea, hemoglobini ipimwe kila wiki 2. Ikitulia, kila mwezi. Ikikaa vizuri nusu mwaka, kila miezi 3. Hatua hiyo ya mwisho msiiache, hata mama akijisikia kijana, kwa sababu mwili huzoea upungufu unaokuja polepole, na dalili zikianza tayari namba imeshashuka sana. Kipimo cha mafanikio si picha nzuri ya tumbo. Ni daftari linaloonyesha muda kati ya chupa moja ya damu na nyingine ukirefuka, hadi chupa zikakoma. Mistari michache inaweza kubaki kwenye picha na mgonjwa akawa mzima wa kazi zake.

Msisubiri kliniki iwapo atatapika damu au chembe nyeusi, atapata choo kile kinachonata na kunuka, atazimia, atabanwa kifua, au mapigo ya moyo yatazidi 100 kwa dakika akiwa amelala. Nendeni na daftari. Mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na antibodi zinazofanya kupata damu inayooana kuchukue saa nyingi, kwa hiyo mwambieni mhudumu wa maabara mapema kwamba ana historia hiyo.

Ninyi watoto hamhitaji endoskopi kwa sababu ya GAVE. Haihesabiwi kuwa ugonjwa wa kurithi. Ila kama mmoja wenu hutokwa damu puani mara kwa mara na ana vidoa vyekundu kwenye midomo au ulimi, huo ni mkondo mwingine, wa ugonjwa wa mishipa ambao hurithiwa. Huyo aende kupimwa, na mama naye achunguzwe midomo na ulimi kwa mwanga mzuri siku mtakayompeleka kwa awamu ya kwanza.